Pa Kumlisha Koku

Jumatatu, 1 Julai. Sengerema.

Nimeamka saa kumi na moja. Uji. Mafuru kagoma kunywa bila sukari, na sukari haijaonekana dukani tangu wiki iliyopita. Koku kanywa wake, kisha kamalizia na wa kaka yake. Nimewaogesha kwenye beseni moja. Sabuni ikamwingia Koku machoni, kilio mpaka kwa majirani. Mama yao yuko Dar es Salaam kwenye kozi ya uuguzi. Miezi miwili imepita, bado minne. Darasa la watoto hamsini nalinyamazisha kwa kukohoa tu. Hawa wawili siwawezi.

Barua ya mke wangu Adela imefika. Kurasa tatu, moja na nusu ni habari za chakula cha Koku. Asile samaki. Asile dagaa. Asinywe mchuzi wake. Asile chochote kilichokaangwa kwenye mafuta yaliyokaanga samaki. Neno "mafuta" kalipigia mstari mara mbili.

Anajua nimewaahidi watoto kwenda Mwanza kwenye maonyesho ya Sabasaba. Wanasema safari hii kuna bembea ya kuzunguka kwa mashine, yenye farasi wa mbao. Mafuru ana miaka saba na hazungumzi kitu kingine. Koku ana minne na anarudia kila anachosema Mafuru. Adela hajakataza. Ameandika tu: "Tafuta mahali pa kula kabla hujawapeleka. Usingoje njaa iwashike."

Niandike ukweli, hakuna anayesoma hapa. Mimi sikuona. Februari, Koku alipokula samaki akavimba, nilikuwa kwenye semina. Niliporudi alikuwa anacheza na kuku uani. Adela alinieleza yote. Nilimwamini. Nusu.

Jumatano, 3 Julai.

Mama yangu amefika kutoka kwetu Majita, anataka kwenda nasi kwenye maonyesho. Kaja na gunia dogo la dagaa. Sikujua niliweke wapi. Nimeliweka stoo na kufunga mlango kwa kamba. Mama kaniangalia nikifunga ile kamba.

Baadaye akasema. Baba yangu kavua miaka thelathini. Sisi sote tumekulia ziwani, hakuna hata mmoja aliyedhuriwa na samaki. "Huo ni mwiko wa Wahaya. Mtoto ni wetu. Unampa mtoto wetu mwiko wa ukweni?"

Nikamwambia si mwiko, ni ugonjwa. Akacheka. Nimekasirika, halafu nikaona aibu kwa kukasirika. Sijatulia tangu saa ile.

Alhamisi, 4 Julai. Kirumba.

Basi hadi kivukoni, kivuko hadi ng'ambo. Mafuru alitaka kukaa ukingoni. Koku alitaka kukaa alipo Mafuru. Nimewashika kola zao njia nzima, vidole vimekufa ganzi.

Tumefikia kwa binamu yangu Musiba, huku Kirumba, mjini Mwanza, si mbali na mwalo wa wavuvi. Watu wema sana. Lakini samaki wako kila mahali. Juani juu ya mikeka, kwenye karai, kwenye ndoo, kwenye mikono ya kila mtu anayetaka kumbeba Koku. Mke wa Musiba alikuwa ameshapika sato wa nazi kwa heshima yetu. Nimemchemshia Koku viazi kwenye sufuria niliyokuja nayo, nimemlisha nje barazani kama mgeni wa mgeni. Mke wa Musiba kaumia. Nimeona. Mama kala sato kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Nimeamua. Siku za maonyesho tutakula nje. Kesho nazunguka peke yangu kutafuta.

Ijumaa, 5 Julai.

Nimetembea toka saa mbili hadi saa tisa. Miguu inawaka.

Hoteli ya kwanza, karibu na stesheni. Safi, meza zina vitambaa. Nikaomba kuona jikoni. Mpishi kanishangaa. Karai moja, samaki na viazi mle mle. Nikatoka.

Ya pili, ya Wahindi wasiokula nyama wala samaki kabisa. Nilifurahi mpaka nikajishika kichwa. Ningewaza hapo tangu mwanzo! Mlango umefungwa. Wamekwenda harusini Shinyanga, wanarudi wiki ijayo.

Ya tatu, walevi. Saa nne asubuhi, walevi.

Ya nne, mwenyewe ni mzee mpole. Nikamweleza: mwanangu akila samaki anavimba, anakosa pumzi. Akawaita wenzake wasikie. Wakacheka wote. "Mtoto wa Mwanza asiyekula samaki! Mpeleke Dodoma, mwalimu."

Ya tano, nikabadilisha maneno. Sijui niliyatoa wapi. Nikasema, samaki ni mwiko kwenye ukoo wetu. Hakuna aliyecheka. Mwenye hoteli kasimama wima, kaniambia pole, hapa kwetu samaki ndiyo kazi, nenda kwa Mama Kabula kule kwenye viwanja vya maonyesho, yeye hapiki samaki.

Nimekwenda. Banda la makuti, sakafu imefagiliwa. Mama Kabula ni Msukuma, mnene, sauti ya chini. Anapika ugali, maharage, nyama, na viazi vya kukaanga. Maji anachemsha, nimeyaona yakichemka. Pembeni ana mkeka kwa ajili ya watoto wadogo, wasisumbuliwe na viti virefu. Choo kiko nyuma, kina mlango. Samaki hapiki, kwa sababu jirani yake wa banda la pili ndiye anayewauza, na wamekubaliana wasiingiliane.

Nikamwambia habari ya mwiko. Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo la msiba. "Hatagusa samaki hapa kwangu, mwalimu. Niachie."

Nilitaka kumweleza na habari ya mafuta. Lakini hakaangi samaki, nikaona ya nini. Nikaaga.

Nimepata mahali. Mbona bado natembea tembea chumbani?

Jumamosi, 6 Julai.

Siku njema. Naandika hivyo kwanza.

Bembea ipo kweli. Farasi kumi na wawili, rangi zimebambuka, mashine inanguruma kama lori. Mafuru kapanda mara nne. Koku alilia kupanda, akalia kushuka. Tumeona ng'ombe wa maziwa, mahindi marefu kama nyumba, pamba ya vijiji, trekta. Nimewahesabu watoto kila dakika. Wawili. Wawili. Wawili.

Saa saba tukaenda kwa Mama Kabula. Koku kakaa kwenye mkeka na watoto wengine, kala viazi sahani nzima na maharage. Nilimtazama midomo. Nilimtazama shingo. Hakuna kitu. Mama akaniambia, "Unamtazama mwanao kama mwizi." Nikacheka kidogo. Nikajisikia mjinga kidogo.

Mama kamuuliza Mama Kabula kama kweli ameambiwa mtoto ana mwiko. Akajibiwa ndiyo. Mama kanigeukia. Hakunikana mbele ya watu, lakini njiani hakusema nami. Nimeuchukua mwiko wa ukweni nikaupachika kwenye ukoo wake. Ningemwambia nini? Kwamba uongo ule ulinirahisishia kazi?

Jumapili, 7 Julai.

Koku yuko hospitali. Anapumua. Siwezi kuandika.

Jumatatu, 8 Julai. Hospitali.

Niandike sasa, amelala, mkono wake uko kwenye goti langu.

Jana watu walikuwa wengi kupita kiasi. Misa ya asubuhi, halafu maonyesho, hotuba, ngoma. Tulifika kwa Mama Kabula saa nane, watoto wamechoka, Mafuru analia njaa. Foleni ilizunguka banda. Mafuta ya kupikia hayapatikani mjini, kila mtu alikuwa anasema. Tulipokuwa tunasubiri nikaona mkono wa mtu wa banda la pili ukipitisha sufuria ya mafuta juu ya ukuta wa makuti. Mama Kabula akaipokea, akamimina kwenye karai lake.

Niliona. Nirudie ili nisije nikajidanganya siku moja. Niliona. Na harufu ya samaki niliisikia.

Nilifungua mdomo kuuliza. Nyuma yangu watu walikuwa wanasukuma. Mama akasema, "Umeanza tena." Mtu mmoja akacheka. Nikafunga mdomo. Nikajiambia, ni mafuta tu, jana alikula hapa hapa, na mke wangu naye hutia chumvi kwenye maneno. Nikapokea sahani. Nikamkabidhi Koku kwa mikono yangu.

Kala vipande vitatu, labda vinne. Akasema ulimi unamwasha. Akajikuna shingo. Midomo ikaanza kujaa, kope zikajaa, akakohoa, na sauti yake ikabadilika, ikawa nzito kama ya mtu mzima. Halafu pumzi ikaanza kupiga filimbi.

Nikambeba. Nilikimbia bila kujua nakimbilia wapi. Mama alimshika Mafuru mkono, akanipita. Ana miaka sitini na zaidi, alinipita. Barabarani lori la pamba lilikuwa linakuja. Mama akaingia katikati ya barabara akasimama na Mafuru, akanyoosha mkono. Dereva alipiga honi mpaka karibu kabisa. Hakusogea. Lori likasimama hatua mbili kutoka kwake.

"Mjukuu wangu anakufa!" alipiga kelele. "Utupeleke au upite juu yangu."

Dereva hakuuliza. Alitupeleka. Njiani Koku alikuwa anageuka rangi kwenye kucha. Nilikuwa namwita jina, Mama anamwita jina, na dereva ambaye hatumjui naye akawa anamwita jina.

Hospitali walimdunga sindano, halafu nyingine. Muuguzi mmoja alinisukuma ukutani kwa bega ili apite. Baada ya muda, sijui muda gani, ile filimbi ikapungua. Daktari akaniuliza kala nini. Nikamwambia. Akauliza kama nilijua kwamba samaki wanamdhuru. Nikasema ndiyo. Akaandika. Hakunitazama tena.

Jumanne, 9 Julai. Hospitali.

Uvimbe umeshuka. Kaomba maji, kaomba Mafuru, kaomba farasi. Kesho wanatutoa.

Mama Kabula amekuja. Kavaa nguo za kanisani. Alisimama mlangoni mwa wodi, hakuingia mpaka Mama alipomwita. Alimtazama Koku muda mrefu. Kisha akanitazama mimi.

"Uliniambia mwiko, mwalimu. Mwiko ni samaki. Mafuta si samaki. Mimi nina mwiko wangu, mnyama wa ukoo, nyama yake sili, lakini chungu kilichoipika sikikatai." Sauti yake ilikuwa ya chini vile vile. "Ungeniambia ni ugonjwa, ningewaambia watu wote leo hakuna viazi. Wangekula ugali."

Nilimwomba radhi. Yeye ndiye aliyekuja kuomba radhi, na mimi ndiye niliyemwomba. Alilia. Mama akamshika mkono, wakakaa pamoja kwenye benchi.

Adela alipigia mstari mara mbili. Mimi nilitafuta maneno ambayo hayatafanya nichekwe mbele ya watu. Ni hivyo tu. Niliogopa kuchekwa.

Alhamisi, 11 Julai. Sengerema.

Tumerudi. Mama kafungua stoo, katoa gunia la dagaa, kaligawa kwa majirani. Halafu kadeki stoo kwa maji ya moto. Sikumwambia afanye hivyo. Kaniuliza daktari alisema nini hasa, neno kwa neno, nikamwambia, akanifanya nirudie.

Nimeanza barua kwa Adela mara tatu. Ya kwanza ilisema Koku aliugua kidogo. Nimeichana. Ya pili ilimlaumu mpishi. Nimeichana hiyo pia, na aibu. Mama alikuwa anachambua mchele, akaniona.

"Andika ulivyofanya," akasema. "Na mimi niweke humo. Andika kwamba nilicheka."

Nimeandika. Kurasa nne. Nimeipeleka posta kabla sijabadili mawazo. Tangu hapo sikai. Nimepanga vitabu, nimechonga penseli zote za shule.

Jumatano, 24 Julai.

Jibu la Adela. Mistari sita.

Kasoma. Kalia. Kamkasirikia kila mtu, mimi kwanza. Hawezi kusema amenisamehe na hatajifanya. Anamshukuru Mama kwa lile lori. Mwisho: "Usimwachie mtu mwingine alieleze jambo hili kwa niaba yako. Lieleze mwenyewe, lilivyo."

Nimeisoma mara nyingi. Sikupata usingizi wa mchana, wala sikuustahili.

Jumapili, 28 Julai.

Baada ya misa tulialikwa kwa mwalimu mwenzangu, kijana wake amepata kipaimara. Uwanja umejaa, wapishi wengi, karai tatu mekoni. Nilimwacha Koku na Mama chini ya kivuli, nikaenda mekoni kwa wanawake. Shikamooni, nikasema. Marahaba, mwalimu.

Nikawaambia: mwanangu yule mdogo akila samaki, au kitu kilichoguswa na mafuta ya samaki, koo linaziba. Anaweza kufa. Mwezi huu nusura afe, na kosa lilikuwa langu.

Mmoja alicheka. Wengine hawakucheka. Mkubwa wao, mama mwembamba mwenye kitambaa cheupe kichwani, akafuta mikono, akaniuliza maswali mawili, yote ya maana. Akasema kwao hapa leo hakuna kitu cha kumpa kwa uhakika, afadhali asile. Nikamshukuru.

Tulikaa nusu saa tukapongeza, tukaaga. Watu walisema tunaondoka mapema. Mama akawajibu kwamba mtoto ana njaa. Tulitembea polepole, Mafuru mbele akipiga jiwe kwa kiatu. Nyumbani nikapika ndizi na maharage. Koku alikula mpaka akalala na kijiko mkononi. Nikakitoa, nikamfunika, nikaosha vyombo.