Mkimbio mmoja wa Arthur

Quinter, nimeyakoroga. Utambulisho wa Resty, ile sherehe ya mchumba kuja na watu wake kujitambulisha kwao, umevunjika na mimi bado niko Bulumbi, nimejibanza jikoni kwao.

Unajua nilikuwa msemaji wa upande wa bibi harusi. Kazi yangu ni kuwachokoza wageni, msemaji wao anajibu, watu wanacheka.

Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akasimama: "Arthur wetu ndiye aliyeibeba Uganda kwenye kriketi kule Namibia!"

Aliibeba! Baba yake Arthur akapiga makofi mpaka kofia ikamtoka.

Nikafungua simu, maana takwimu za mashindano yale ziko wazi kwa kila mtu. Nikasoma kwenye maikrofoni: "Mechi tano, mkimbio mmoja. Wakwe zetu, hata huyu mbuzi mliyemleta amekimbia zaidi tangu asubuhi."

Hema zima likalipuka. Nikarudia, Quinter. Nikarudia! "Mmoja!"

Baba yake Arthur akamgeukia mwanawe: "Mmoja, Arthur? Mimi nimewaambia watu wote wa kwetu Paya ulipiga mikimbio mia."

Arthur akatazama viatu vyake.

Yule mzee wao akasema, "Simameni, twende nyumbani." Wameondoka kweli! Chakula hawakugusa.

Resty amenifuata huku jikoni na gomesi yake, lile gauni la sherehe, jicho kavu kabisa. "Wewe peke yako ndiye niliyekuambia kwamba baba yake Arthur hajui ukweli."

Kweli aliniambia.

Lakini maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, Quinter, na watu wote walikuwa wananitazama mimi.