Miungu wa Kiyunani Juu ya Manga

Jumanne, 3 Julai 1973

Chai tena. Vikapu viwili. Karani wa kituo cha chai amemwaga nusu ya kikapu cha pili chini, eti nimechuma majani matatu, yeye anataka mawili na chipukizi. Simpendi kabisa yule mtu.

Jioni nimesoma na Kemunto, wifi yangu. Aliachika kule Sironga akarudi kwao, na ndiye mtu pekee katika boma hili anayenichekesha. Kitabu ni cha Kiingereza, cha vijana. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ameniazima. Msichana wa Kiyunani, binti wa mfua vyuma, anashuka kuzimu kumrudisha kaka yake. Hakumwomba mtu ruhusa. Hapo ndipo aliponishika. Namtafsiria Kemunto kwa Ekegusii papo kwa papo. Mlima wa miungu nimeuita Manga, kama mlima wetu hapa, basi miungu wote sasa wanagombana pale juu ya Manga, na Kemunto anawasema kama majirani.

Hapa naandika Kiswahili. Mama mkwe husoma Biblia ya Ekegusii tu.

Jumamosi, 7 Julai

Wote wamekwenda tena kanisani kwa kipindi cha mchana. Baba mkwe amebaki, goti linamuuma. Mimi na Kemunto tumebaki pia, nimesoma. Najua ni Sabato.

Tulipofika kwa mbwa wa vichwa vitatu anayelinda mlango wa kuzimu, mtu amekohoa nyuma ya nyumba, upande wa migomba. Kemunto amechungulia kwenye tundu la ukuta. Ni Tata, baba mkwe mwenyewe. Ameegemea ukuta wangu, sikio limeelekea ndani.

Hawezi kuingia kwangu. Mkwe na mke wa mwanawe, hiyo ni chinsoni, mwiko wa heshima. Hata tukikutana njiani, mmoja hupisha kando na kutazama kwingine. Na ni mzee wa kanisa. Tumejifanya hatujui. Nimepaza sauti kidogo, goti lake lisisimame bure.

Nimefurahi sana leo.

Alhamisi, 12 Julai

Anakuja kila jioni tunapoanza. Kemunto amemsikia sokoni Ekerenyo akiwasimulia wazee wenzake habari za mbwa wa vichwa vitatu, eti alisimuliwa na babu yake. Tumecheka mpaka Kemunto akakaa chini katikati ya chai.

Barua ya mwalimu mkuu imekuja. Nafasi ya kufundisha darasa la pili iko, muhula ujao. Sina cheti, lakini nilifika kidato cha pili kabla ya kuozwa, anasema yatosha. Ondieki, mume wangu, anafanya kazi kiwandani Kericho. Alishakubali kwa barua. Akija likizo ataenda kuzungumza na mwalimu, basi. Miaka minne sijawa na kitu ambacho ni changu.

Jumapili, 22 Julai

Ondieki amefika jana. Binamu yake amemlaki njiani na maneno: kuna mwanamume husimama nyuma ya nyumba yako kila jioni. Asubuhi ameenda kutazama. Alama za gambuti kwenye udongo, chini ya migomba. Kila mwanamume huku ana gambuti. Kisha amekiona kitabu, na jina la mwalimu mkuu kwa mwandiko wake ukurasa wa kwanza.

"Ni huyu anayekuja?"

Nimesema hapana.

"Basi ni nani?"

Niseme baba yako? Baba mkwe kuegemea ukuta wa mke wa mwanawe, neno hilo halitamkiki. Na nani angeamini kwamba alifuata hadithi? Kemunto ameulizwa, amelia tu. Ni baba yake.

Jumatatu, 23 Julai

Wamenikalisha uani. Baba mkwe kitini, ndugu yake kando, mama mkwe mlangoni. Mimi chini, mbali, uso pembeni kama inavyotakiwa. Nimeona miguu yake tu. Gambuti zenyewe alikuwa amezivaa.

Neno moja lingetosha. Hata uongo. Kwamba alikuwa akikagua migomba yake, nani angembishia? Nimengoja. Amekohoa. Nimezidi kungoja, mjinga mimi.

Amesema, "Mke amsikilize mume wake. Mambo ya vitabu yaishe."

Ondieki amekitia kitabu motoni jikoni kwa mama yake. Shule nisahau, kasema. Mama mkwe amepika uji wa wimbi kwenye mafiga yale yale, na mimi nimepewa kikombe, nikanywa.

Namchukia baba mkwe. Binamu simjali. Binamu hakuwahi kukipenda kitabu kile.

Ijumaa, 3 Agosti

Ondieki amerudi Kericho. Darasa la pili amepewa kijana wa Sironga. Kidato cha pili, kama mimi. Mwalimu mkuu nimemwona kwa mbali nikapita njia ya mtoni. Nitamwambia nini kuhusu kitabu chake? Nyuma ya nyumba hakuna anayekuja. Mgongo unauma. Vikapu vitatu.

Jumapili, 12 Agosti

Mvua tangu saa nane. Kemunto amekuja akakaa, tukachambua mboga. Mwishowe akasema ametumwa. Tata anauliza kama yule msichana alitoka kuzimu.

Nilikuwa nimekisoma kitabu chote mara mbili kabla sijaanza kuwasomea. Sura ya mwisho naijua yote. Kaka anakataa kurudi, msichana anapanda peke yake, anatokea kando ya mto asubuhi, na mwanamke anayefua nguo anampa mkate bila kumuuliza ametoka wapi.

Nimemwambia Kemunto, "Mwambie sijui. Kitabu kiliungua kabla hatujafika."

Amenitazama. Anajua. Amekata jani la mgomba akajifunika kichwa, akavuka ua kwenda kwa baba yake.

Nimemalizia mboga peke yangu.