Neno la Kiitaliano Lililomwokoa Nabindu

Mujukuu wangu Asende,

Huku mjini Baraka tuko wazima, na shangazi yako amejifungua mtoto wa kike. Unauliza kama kusomea Kiitaliano chuoni kuna faida.

Nilipokuwa msichana, enzi za Wabelgiji, niliwapikia masista waliotoka Italia, waliotibu wagonjwa. Siku moja mama alimleta mdogo wangu Nabindu, anawaka homa. Sista mgeni akashika sindano.

"Hapana!" mama akalia. "Mara ya kwanza dawa ile ilimuvimbisha koo, karibu afe!"

Sista hakujua Kiswahili. Akadhani mama anaogopa sindano tu, akamshika mtoto mkono. Nilijua maneno ya jikoni peke yake, likiwemo lile walilosema masista chakula kikiungua. Nikaonyesha sindano, nikajikaba koo.

"Male! Molto male!" Mbaya! Mbaya sana!

Akaniangalia, akamwangalia mama, akaweka sindano chini. Nabindu alipona kwa dawa nyingine.

Sijui utapata kazi gani, na hilo linanikosesha usingizi. Lakini ukikisoma Kiitaliano, mwanangu, usiishie maneno ya jikoni. Mpaka leo naogopa nikiwaza ingekuwaje kama kabla ya siku ile chakula kisingewahi kuungua.

Mimi koko wako, ninayekuombea,
Mama Sifa