Kava ya Juu ya Injini

Jumamosi, Bigwa

Kumbe kilichotudanganya ni uwanja wetu. Wiki tatu niliamini sili ya nyuma ya injini, ule mpira unaozuia oili, imekufa, kwa sababu kila asubuhi boksi nililotandika chini ya gari lilikuwa na doa la oili upande wa nyuma. Lakini uwanja huu umeinama, na gari hulala pua ikitazama mlimani. Oili ivuje popote, itateremkia nyuma.

Fundi Shabani wa Mwembesongo alikuwa tayari kushusha giaboksi ili aifikie sili hiyo. Leo, kabla hajashika spana, akaosha injini, akaikausha, akaipaka poda ya mtoto, kisha akanituma niendeshe mpaka Mzumbe na kurudi kwake, kwenye sakafu iliyo sawa. Poda ilikuwa imelowa mstari mmoja tu, kutoka kwenye kava ya juu. Gasketi inayoziba chini ya kava ilikatika kwa kukazwa kupita kiasi.

"Mwalimu, hii kava nani aliifunga?"

Nikasema ni fundi mmoja wa Mikese, jina nimelisahau.

"Hao wa barabarani," akasema, akaweka gasketi mpya. Sasa ni pakavu.

Mke wangu alikuwa amekaa kiti cha mbele, anasikia. Siku nilipoifunga kava hiyo mwenyewe, hapa hapa uwanjani, yeye ndiye aliyenishikia tochi.

Tulipofika nyumbani, akafungua mlango, akashusha mguu mmoja.

"Baba Neema, siku tukipita Mikese, unionyeshe huyo fundi."