Chai ya Okoth

Mama mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Goti lako linaendeleaje, na yule mbuzi ameshazaa? Sisi tu wazima. Mvua inanyesha kila alasiri kama iliyoajiriwa. Naandika kwa sababu kwa simu ungenikatiza kabla sijafika katikati.

Unakumbuka maziwa yangu yalikauka nilipougua, Okoth akiwa na miezi miwili, tukamwanzishia maziwa ya kopo. Mwezi uliopita nilimpeleka kliniki pamoja na Chepkoech, jirani ninayechuma naye chai. Mtoto wake ananyonya, na ana miezi saba kama Okoth. Nesi aliwapima wote damu. Ya mtoto wa Chepkoech ilikuwa sawa. Ya Okoth ilikuwa chini sana. Niliogopa, Mama.

Nesi mwenyewe alishangaa. Alisema maziwa ya mama yana madini ya chuma kidogo, ila mwili wa mtoto huyapokea vizuri. Ya kopo huongezwa mengi zaidi, kwa hiyo haikueleweka kwa nini Okoth apungukiwe. Akaniuliza, "Unakoroga na nini?" Nikajibu maji, tena kwa ujasiri.

Mama Chebet, anayeshinda na mtoto nikiwa kazini, alikuwa amenisindikiza. Akadakia, "Maji gani? Mimi nakoroga na chai ya rangi. Maji tupu si itafanya akae na njaa?"

Nesi aliweka kalamu chini. Akatueleza kwamba chai huyashika yale madini tumboni yasiingie kwenye damu. Mimi ninayechuma chai kutwa nilikuwa sijui. Njiani nilimkaripia Mama Chebet mpaka nikaishiwa na maneno. Kisha akasema, "Ni nyanya yake Okoth alinionyesha, ile wiki alikuja. Alisema nyinyi wote mlilelewa hivyo."

Nilikukasirikia, sitaficha. Simu zako mbili niliziona zikilia, nikaziacha. Halafu nikakumbuka ulivyombeba Okoth wiki nzima ili mimi nilale, hasira ikapungua. Ulimpa kile ulichotupa sisi. Hata hivyo nilingoja damu yake ipande kwanza, ndipo nikuandikie, usije ukakosa usingizi bure. Jana tulirudi kliniki, na imepanda. Anapewa dawa ya matone, maini yaliyopondwa, na maziwa yake kwa maji yaliyochemshwa. Sasa ananivuta nywele mpaka napiga kelele.

Mama Chebet bado yuko nasi. Chupa yake ya chai ndiyo iliyohama, inabaki kwake.

Msalimie Baba, dada yangu anayeuza samaki wa omena, na shangazi aliyempa mtoto jina. Ndani ya mzigo kuna pakiti mbili za majani ya chai, kama kawaida. Ni za watu wenye meno. Okoth ana mawili, hayatoshi. Yako, ingawa ni machache, nimeyaruhusu.

Binti yako anayekupenda,
Mama Okoth