Baka la Chai Kwenye Tairi

Jumatano, 20 Novemba 2024

Tairi la nyuma la kushoto limepasuka. Si pancha – limepasuka ubavuni, nyuzi ziko nje. La kulia halitachukua muda kulifuata. Baba alilizunguka trekta, kisha akaingia ndani kula.

Mawingu yanajikusanya upande wa Kiomboi. Mvua ya kwanza ikitukuta tumesimama, watu watamwita mwenye trekta wa Shelui awalimie. Na hapa Ulemo ukishaachwa msimu mmoja, umeachwa.

Baba anataka matairi ya dukani. Uwezo huo hatuna, naye anajua. Nikasema nitatafuta yenye kasoro ya sura tu, yapo, yanauzwa kwa bei ya chini. Akasema hajawahi kununua kitu chenye kasoro tangu azaliwe. Nilitaka kumkumbusha redio yetu, aliyoinunua ikiwa na ufa.

Ijumaa, 22 Novemba

Singida Mjini. Sixbert ana ghala nyuma ya soko. Anauza matairi ambayo kiwanda hakitaki yaonekane pamoja na mengine. Ni mapya, hayajakanyaga chochote.

Moja maandishi yake yamejirudia, kama mpiga chapa alishtuliwa. Jingine lina baka la kahawia ubavuni, kama mtu amemwagia chai. Basi. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, nikapitisha vidole kwenye ukingo wote unaokaa kwenye rimu, nikasoma tarakimu za tarehe ya kutengenezwa. La tatu lilikuwa na uvimbe mdogo. Nikalikataa – hiyo si sura, huo ni ugonjwa.

Sixbert akauliza, “Dada, unanunua tairi au unapima mchumba?”

Nikamjibu kwamba mchumba nisingempima hivi. Akacheka sana. Mimi nilicheka baadaye, peke yangu, kwenye fuso, katikati ya magunia ya vitunguu.

Jumamosi, 23 Novemba

Yamefungwa. Trekta limesimama wima kama limeamka. Baba alichuchumaa mbele ya lile baka muda mrefu. Akalisugua kwa kidole gumba. Halikutoka.

“Watu wataona,” akasema.

Nikamwambia wataona baka. Hakuna kingine cha kuona.

“Wewe unaongea kama kitabu, Theodora.”

Sikuumia. Au niliumia kwa mbali, kama habari ya mtu mwingine.

Jumapili, 24 Novemba

Naandika taratibu ili nisikosee.

Kila mwaka kabla ya mvua, Baba hulipeleka trekta kanisani. Baada ya ibada watu hulizunguka. Hawaulizii injini. Wanaweka kiganja kwenye tairi, wanakibonyeza, halafu wanasema wanataka zamu ya kulimiwa au wanaondoka. Wa kwanza siku zote ni Bibi Febronia, kwa sababu shamba lake ni la mawe na mteremko. Trekta likimfaa yeye, limewafaa wote.

Nilipotoka kanisani niliona matairi yanang'aa. Meusi ti! Baka halipo. Maandishi hayasomeki. Nikajua kabla sijanusa: oili chafu. Aliamka alfajiri akayapaka.

Bibi Febronia akaweka kiganja. Akakitoa cheusi mpaka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Alikitazama. Akakifuta kwenye nyasi, bila haraka.

“Melkiori, mwanangu. Chini ya haya mafuta umezika nini?”

Baba akasema ni mapya, mama, mapya kabisa. Na ni kweli! Hakusema uongo hata neno moja. Mtu mmoja nyuma akasema hata maiti hupakwa mafuta. Wakacheka. Hakuna aliyeomba zamu.

Baba alivaa shati jeupe. Alirudi akiendesha, shingo imenyooka. Nilitembea nyuma yake kwa miguu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimemwambia Mama kwamba oili hula mpira. Lile baka lisingefanya lolote hata miaka kumi. Alichopaka juu yake ndicho kitakachoyaharibu. Mama akasema, “Kamwambie mwenyewe.” Nikamwambia mwenyewe. Akasema niyaache.

Nimeyaacha. Nayatazama kupitia dirishani. Hasira ninayo, lakini iko mahali pakavu, haisogei.

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua. Trekta la Shelui limepita mara mbili. Baba hakutoka nje.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi nilikwenda kwa Bibi Febronia. Shikamoo, marahaba, habari za mvua, habari za mbuzi. Halafu nikamwambia nataka aone nilichonunua mimi, si alichopaka Baba. Akaniuliza, “Baba yako amekutuma?” Nikasema hapana. Akachukua fimbo yake.

Sasa amekaa kwenye kigoda uani kwetu, ana kikombe cha chai. Nimeosha tairi la kulia kwa sabuni ya unga, mbele ya macho yake. Maandishi yamejitokeza, yamejirudia vilevile. Akaweka kiganja. Kikatoka na maji tu. Akacheka kidogo: “Hili ni kigugumizi.” Nikamwonyesha ukingo, nikamwonyesha tarehe. Akasema osha na lile jingine, bado hajaamua, na wa Shelui anamsubiri jioni.

Maji ya ndoo yameisha. Mama amekwenda bombani. Ndiyo maana naandika, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vidole vinanuka sabuni na oili. Baka bado liko chini ya weusi. Sikumwomba Baba ruhusa. Yuko ndani, mlango umefungwa, na dirisha la chumba chake linatazama hapa hapa.

Bibi Febronia anasema kwa sauti, ili isikike ndani, kwamba chai hii ina majani mengi.

Mlango umefunguka. Baba. Ameshika brashi ileile ya oili. Hanitazami. Hamtazami Bibi. Anaelekea kwenye tairi la kushoto.

Brashi inadondosha matone chini. Ni maji. Ameiosha.

Bibi Febronia ameweka kikombe chini.