Siku Madam Alipokuwa Nguzo Yangu

Alhamisi jioni, Al-Nuzha, Jeddah. Hewa inanata, madirisha yote yametoka jasho.

...na kwa hivyo hapana, Rajabu, sikuwa nimelala ulipopiga simu mchana. Nilikuwa nimefungwa kiunoni pamoja na madam, na simu ilikuwa kwenye pochi upande wa pili wa chumba. Niliisikia ikilia. Nilijua ni wewe. Sikuweza kuinuka.

Wacha nieleze taratibu, maana wako wanaosoma blogu hii ambao hawanijui kama unavyonijua wewe, mume wangu mpya, ambaye kanzu yako ya harusi bado ina harufu ya udi.

Kuna mama mmoja hapa Jeddah anaitwa Bi Rasa. Ametoka nchi ya Lithuania, kaskazini huko ambako mito inaganda mpaka watu wanatembea juu yake. Mumewe ni daktari. Yeye huwafundisha wanawake kazi za mikono za kijijini kwao, katika ghorofa ya pili ya nyumba moja ya kale kule Balad, yenye madirisha ya mbao yaliyochongwa. Madam, ninayemfanyia kazi, alijiandikisha, akanichukua na mimi kwa sababu Lulu, mtoto wake, halali ila begani kwangu.

Siku ya kwanza nilikaa pembeni na mtoto. Bi Rasa akanitazama mikono, akasema darasani kwake hakuna mgeni. Lulu alipolala, nikapewa mabua.

Mabua ya nafaka ya kwao, ameyabeba kwenye sanduku kutoka nyumbani! Unayakata, unayapitisha uzi ndani, yanakuwa vijumba vyepesi vinavyoshikana, mpaka mwisho unapata kitu kama taa isiyo na mwanga. Hutundikwa darini juu ya meza ya maharusi. Ukipumua tu, kinazunguka. Niliwaza meza yetu kule Mumias, wewe umekaa wima kama askari unaogopa kugusa biriani, nikajikuta natabasamu peke yangu.

Wiki iliyofuata tulichora mayai kwa nta ya nyuki. La madam lilitoka na maua. Langu lilitoka kama lina surua.

Nalipenda hivyo hivyo.

Leo ilikuwa zamu ya mishipi. Na leo, nikiri hapa, nilikwenda na neno kooni. Mwisho wa mwezi huu madam anakwenda Riyadh kwa dada yake. Mara iliyopita nilibaki hapa kumwangalia mama yake mzee. Riyadh ndiko uliko wewe, unaendesha gari la familia nyingine, na tangu likizo ya harusi iishe nakuona kwenye kioo cha simu tu. Juma zima nimejaribu kumwomba madam anichukue. Kila nikifungua mdomo, linatoka swali la mchele.

Basi, mshipi unafumwa hivi. Nyuzi ndefu za rangi, ncha moja unaifunga kiunoni kwako, ncha nyingine kwenye kitu kisichosogea. Katikati kuna kibao chenye matundu. Ukikiinua, nusu ya nyuzi zinapanda, ukikishusha, zinashuka, nawe unapitisha uzi wako katikati na kuukaza. Lakini nyumba ile ni ya kale, hairuhusiwi kupigwa hata msumari mmoja, na nguzo ni chache. Bi Rasa akasema kijijini kwao wasichana hufungana wao kwa wao. Mmoja anafuma, mwenzake anakuwa nguzo, kisha wanabadilishana.

Nikawa nguzo ya madam. Anafuma vizuri, jamani, vidole vyake ni vyepesi! Halafu tukabadilishana, yeye akawa nguzo yangu.

Hata dakika hazijapita nyingi, akasema kama alivyozoea, "Zubeda, yalla, chai."

Nikainuka. Naye akavutwa mbele, nusura aangukie mapajani mwangu.

"Madam," nikamwambia, "mimi nikienda jikoni, na wewe unakuja."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Rasa akatuletea chai yeye mwenyewe, akatuwekea mikononi, akatuambia ya bibi harusi wa kwao. Msichana hufuma mishipi kabla ya kuolewa, na akiingia kwa mumewe, anaifunga humo nyumbani, mmoja huku na mwingine kule, ili nyumba imjue.

Mimi nyumba yako, Rajabu, sijaiona. Najua tu kwamba una chumba karibu na geti, na kitanda, na msumari wa kutundikia funguo.

Kumbe nyuzi zina umbea. Ukishtuka, aliye upande wa pili anasikia.

"Una nini wewe?" madam akauliza. "Unanivuta."

"Hakuna, madam."

"Usinidanganye, nimefungwa hapa. Huo mshipi utaufunga wapi?"

"Riyadh," nikasema. "Kwa Rajabu." Na maneno yote ya juma zima yakatoka kwa mpigo, sikumaliza hata kupumua.

Nilitazama kibao changu. Mkono wangu ulikuwa umesimama kabisa.

"Na mama nimwachie nani?" madam akauliza.

Nampenda yule bibi pia, na madam anajua.

Akanywa chai yake yote kwanza. "Atakwenda na sisi," akasema. "Kila siku analalamika kwamba namsahau. Na wewe utakuja kumshika mkono. Ijumaa ni yako na mumeo. Halas, imekwisha. Lakini huendi kwake na nusu mshipi, utaniaibisha."

Nililia, ndiyo. Bi Rasa akanikataza kulilia nyuzi za sufu, zinachuja rangi.

Sasa Lulu amelala, nami nimefunga ncha iliyokuwa kiunoni kwa madam kwenye kitasa cha mlango wa chumba changu. Nyekundu, kijani na nyeupe. Shuleni kwetu tulifuma vitambaa vya makochi, lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kitu cha kumfungia mtu ninayempenda. Nashangaa watu wa mbali hivyo, wenye barafu, walijuaje.

Kitasa ni nguzo nzuri. Hakichoki wala hakiombi chai. Lakini hakinitazami.

Madam amesema nimalize, na nitamaliza, ila urefu wa kiganja kimoja cha mwisho. Hicho nakuwekea wewe, Rajabu. Tafuta mahali pa kukaa, utulie, usisogee. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuwa hapo getini kwako, na ncha hii ya kitasani nitaifunga kiunoni kwako, nikimalizie hapo.